Joseph Fraunhofer, Fundi wa Kioo na Nuru

Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia mlijifunza kwamba nuru ya jua, ingawa huonekana nyeupe, ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Nuru hiyo ipitapo katika mche wa kioo, rangi zake hutengana. Tunaziona zimepangwa kama zilivyo katika upinde wa mvua: nyekundu, machungwa, manjano, kijani, buluu, nili na urujuani.

Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu aliyezitenganisha rangi hizo kwa njia nyingine, kisha akazipima. Njia yake ilikuwa kuchora juu ya kioo mistari iliyokaribiana mno, hata jicho tupu lisiweze kuitofautisha. Mtu huyo ni Joseph Fraunhofer wa Ujerumani. Alianza maisha yake ya kazi akiwa yatima na mwanagenzi asiye na mshahara, akafikia kuwa fundi mkuu wa darubini katika zama zake. Aliishi miaka 39 tu.

Tutakapokuwa tukisoma habari zake, tuangalie mambo mawili. Kwanza, tuone jinsi usahihi katika kazi ndogo unavyoweza kuleta elimu kubwa. Pili, tuone hatari zinazowakabili watu wafanyao kazi ya kioo, na namna ya kujikinga nazo.

Utoto wake

Joseph Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi, 1787, katika mji wa Straubing, ulio kando ya mto Danube, katika nchi ya Bavaria. Siku hizi Bavaria ni sehemu ya Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kumi na mmoja katika familia yao. Baba yake alikuwa fundi wa vioo, na kijana huyu alikulia katikati ya vipande vya kioo na zana za kukikata.

Mama yake alifariki mwaka 1797. Mwaka uliofuata baba yake naye alifariki. Hivyo, alipokuwa na umri wa miaka 11, umri unaolingana na wa wengi wenu, Joseph alikuwa amewapoteza wazazi wake wote wawili. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo.

Mwaka 1799 walezi wake walimpeleka katika mji wa Munich akawe mwanagenzi wa fundi mmoja aitwaye Weichselberger, aliyetengeneza vioo vya kujitazamia na kukata vioo vya mapambo. Kwa mujibu wa mkataba, mtoto huyo alitakiwa kufanya kazi miaka sita bila ya mshahara. Bwana wake hakupenda asome. Joseph alitamani kwenda katika shule iliyofundisha wanagenzi siku za mapumziko, lakini alinyimwa ruhusa.

Nyumba yaporomoka

Tarehe 21 Julai, 1801, jambo la kutisha lilitokea. Nyumba ya fundi yule, iliyokuwa pia karakana yake, iliporomoka ghafula. Mke wa fundi alipoteza maisha. Joseph, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alifunikwa na kifusi. Watu walifukua kwa saa kadhaa, wakichelea kwamba kuta zilizobaki zingewaangukia wao pia. Mwishowe walimtoa akiwa hai.

Habari za ajali hiyo zilienea mji mzima. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, ambaye baadaye alikuwa mfalme, alifika mahali pale. Alimhurumia yatima yule, akampa sarafu 18 za dhahabu. Mtu mwingine aliyevutiwa na habari zake alikuwa Joseph Utzschneider, mtu mwenye cheo serikalini na mwenye viwanda. Huyu alimpatia vitabu vya hesabu na vya elimu ya nuru.

Kijana Fraunhofer hakuzitumia fedha zake kwa anasa. Sehemu yake alinunulia mashine ya kusagia kioo. Sehemu nyingine aliitumia kuikomboa miezi ya mwisho ya mkataba wake wa uanagenzi. Alijaribu kujitegemea kwa kuchora maandishi juu ya mabamba ya metali ya kuchapia kadi. Lakini wakati huo kulikuwa na vita katika Ulaya, biashara ilikuwa mbaya, na kazi hiyo haikumpatia riziki. Ilimbidi arudi kufanya kazi kwa bwana wake wa zamani. Hata hivyo, hakuacha kujisomea.

Kutafuta kioo kilicho safi

Mwaka 1806, Fraunhofer akiwa na miaka 19, aliajiriwa katika kampuni ya Utzschneider na wenzake, iliyotengeneza vyombo vya kupimia ardhi na kutazamia nyota. Baada ya muda mfupi kazi ya kutengeneza lenzi ilihamishiwa Benediktbeuern, kusini mwa Munich, katika majengo yaliyokuwa zamani makazi ya watawa. Huko kulikuwa na tanuru la kuyeyushia kioo, na fundi mmoja kutoka Uswisi, Pierre Louis Guinand, aliyekuwa hodari sana katika kazi hiyo.

Kioo hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga pamoja na vitu vingine, kama vile magadi na chokaa, katika moto mkali unaozidi digrii 1,000 za Selsiasi. Kioo cha dirisha si vigumu sana kukitengeneza. Kioo cha lenzi ni kigumu. Kikiwa na povu, au michirizi, au sehemu moja ikiwa nzito kuliko nyingine, nuru ipitayo ndani yake hupotoka, na vitu vitazamwavyo huonekana vibaya. Kwa sababu hiyo kioo kilichoyeyuka hukorogwa vizuri, kisha huachwa kipoe polepole sana. Kikipoa haraka, hupasuka.

Fraunhofer alijifunza kazi hiyo yote, tangu tanuru hata lenzi iliyokamilika. Mwaka 1809 alikabidhiwa usimamizi wa kutengeneza lenzi, na mwaka 1811 akakabidhiwa pia kazi ya kuyeyusha kioo. Kijana aliyezuiwa kusoma sasa alikuwa akiwaongoza mafundi wengine.

Lakini tatizo moja lilimsumbua. Lenzi ya kawaida huonyesha vitu vikiwa na pindo za rangi, kwa sababu kila rangi hupindishwa kwa kiasi tofauti. Mafundi walijua kwamba pindo hizo zaweza kupunguzwa kwa kuunganisha lenzi mbili za kioo cha aina mbili. Moja huwa ya kioo cha kawaida, na nyingine ya kioo kilichotiwa madini ya risasi, metali laini na nzito. Ili lenzi hizo zilingane sawasawa, fundi alipaswa kujua kwa hakika kila aina ya kioo hupindisha kila rangi kwa kiasi gani.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mkitazama upinde wa mvua, je, mwaweza kuonyesha mahali hasa manjano inapokwisha na kijani inapoanza? Haiwezekani, maana rangi huingiliana. Basi Fraunhofer alihitaji alama thabiti ndani ya rangi, mfano wa alama zilizo juu ya rula.

Mistari myeusi katika nuru ya jua

Mwaka 1814 Fraunhofer alitia chumba giza, akaacha nuru ya jua iingie kwa ufa mwembamba tu. Kiasi cha mita saba kutoka kwenye ufa aliweka mche wa kioo, na nyuma ya mche akaweka darubini ndogo. Kwa darubini hiyo alitazama ukanda wa rangi uliotokea.

Alikwisha kuona kwamba nuru ya taa ilikuwa na mstari mmoja mwangavu wa rangi ya manjano. Alitaka kujua kama nuru ya jua nayo inao mstari kama huo. Alichokiona kilimshangaza. Badala ya mstari mwangavu, aliona mistari mingi myeusi iliyokatiza ukanda wa rangi, mingine minene, mingine myembamba. Mwingereza William Hyde Wollaston alikwisha kuona michache ya mistari hiyo mwaka 1802, lakini hakuichunguza zaidi. Fraunhofer alihesabu mistari 574.

Kwanza alitaka kuhakikisha kwamba mistari ile haikutokana na kasoro za vyombo vyake. Alibadilisha mche, akabadilisha upana wa ufa, akarudia tena na tena. Kila mara mistari ilikuwa mahali pale pale. Ndipo alipoamini kwamba imo katika nuru yenyewe. Akaipa mistari mikubwa majina ya herufi, kuanzia A katika nyekundu. Hadi leo wanasayansi hutumia herufi hizo, na mistari hiyo huitwa mistari ya Fraunhofer.

Alitazama pia nuru itokayo kwenye sayari Zuhura, akaona mistari ile ile ya jua. Jambo hili lafahamika, kwa maana Zuhura haina nuru yake yenyewe, bali huakisi nuru ya jua. Lakini alipoitazama Sirius, ambayo ni nyota, aliona mistari iliyopangika kwa namna nyingine.

Sasa Fraunhofer alikuwa amezipata alama alizozitafuta. Kwa mistari hiyo aliweza kuvipima vioo vyake kwa usahihi ambao haukuwahi kupatikana kabla yake.

Kuchora mistari juu ya kioo

Mche wa kioo, hata hivyo, una upungufu. Ukichukua miche miwili ya vioo vya aina mbili, ukanda wa rangi hautakuwa na urefu ule ule. Mmoja utazitawanya rangi zaidi kuliko mwingine. Kwa hiyo mche hauwezi peke yake kutuambia kipimo cha nuru yenyewe. Fraunhofer alitafuta chombo ambacho matokeo yake hayategemei aina ya kioo.

Nuru husafiri kwa mawimbi. Mawimbi hayo ni mafupi kupita kiasi. Wimbi la nuru ya manjano lina urefu wa kama milimita 0.0006. Nuru ikipita katika nafasi nyembamba nyingi zilizopangwa sambamba, mawimbi hutawanyika na kukutana tena upande wa pili. Katika pande fulani mawimbi ya rangi moja hujumlishana na kung'aa, na katika pande nyingine hufutana. Kila rangi hung'aa upande wake, kwa sababu kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Hivyo rangi hutengana. Kadiri nafasi zinavyokaribiana, ndivyo rangi zinavyotengana zaidi. Mtu akijua umbali baina ya nafasi, na akipima pembe ya nuru, aweza kukokotoa urefu wa wimbi.

Kabla yake, watu wachache walikwisha kuona rangi kwa kutazama nuru kupitia nywele au nyuzi zilizopangwa. Fraunhofer alilichukua jambo hilo akalifanya kuwa kipimo. Mwaka 1821 alitengeneza chombo cha waya nyembamba 260. Alizitandaza baina ya parafujo mbili zilizo sambamba, kila waya ukilala katika mfuo wake. Kwa kuwa mifuo ya parafujo ina umbali ulio sawa, waya nazo zilikuwa na umbali ulio sawa.

Chombo hicho kilifanya kazi vizuri, lakini waya haziwezi kukaribiana sana. Kwa hiyo alibandika juu ya kioo karatasi nyembamba mno ya dhahabu, akachora mistari katika dhahabu hiyo. Baada ya hapo aliona afadhali achore juu ya kioo chenyewe.

Chuma cha kawaida hakichori kioo vizuri. Kitu kikichoracho ni almasi, kwa maana almasi ni ngumu kuliko kioo. Fraunhofer alitengeneza mashine iliyoshika ncha ya almasi na kuisogeza hatua ndogo zilizo sawa. Ncha ilichora mstari, ikainuliwa, ikasogezwa kidogo, kisha ikachora mwingine. Kazi hiyo ilirudiwa mara maelfu. Ncha ya almasi ikivunjika au ikipata butu katikati ya kazi, mistari iliyofuata haikuwa kama ile ya kwanza. Mistari ikikosa kulingana, rangi huwa na ukungu, na kipimo hakiaminiki. Hapo fundi hana budi kutupa kioo chake na kuanza upya.

Kwa njia hii Fraunhofer alifaulu kuchora mistari zaidi ya 100 katika nafasi ya milimita moja. Tafakarini udogo huo. Tazameni milimita moja katika rula zenu. Karatasi ya daftari lenu ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Basi mistari zaidi ya kumi ya Fraunhofer ingeenea katika unene wa karatasi moja, na kila mmoja una nafasi sawa na mwenzake.

Kwa vioo hivyo alipima urefu wa mawimbi ya nuru. Vipimo vyake vilikaribiana sana na vile tunavyovipata leo kwa mashine za kisasa.

Hatari za kazi ya kioo

Kazi iliyomletea Fraunhofer sifa ilikuwa pia kazi ya hatari. Mnajua tayari jinsi alivyofukiwa na kifusi. Lakini zilikuwapo hatari nyingine zisizoonekana kwa urahisi.

Hatari ya kwanza ni moto wa tanuru. Kioo kilichoyeyuka hunata katika ngozi na kuunguza vibaya, na mwanga mkali wa tanuru hudhuru macho.

Hatari ya pili ni mvuke na vumbi la risasi. Mafundi waliotengeneza kioo cha lenzi walishika unga wenye risasi na kuvuta mvuke wake. Sumu hiyo haimwui mtu siku hiyo hiyo. Hujikusanya mwilini kidogo kidogo, ikadhuru damu, figo na neva. Mtu huweza kufanya kazi miaka mingi akijiona mzima, huku afya yake ikiharibika.

Hatari ya tatu ni vumbi la mchanga na la kioo. Vumbi jembamba la mchanga, likivutwa kwa muda mrefu, huingia mapafuni na kuacha makovu. Mapafu yenye makovu hushikwa upesi na ugonjwa wa kifua kikuu.

Katika siku za Fraunhofer, mafundi hawakuvaa barakoa wala miwani ya kujikinga, na hapakuwa na mashine za kuondoa hewa chafu. Siku hizi twajua zaidi. Wafanyakazi wa kioo hutakiwa kuvaa miwani, glovu na barakoa. Kioo husagwa kwa maji ili vumbi lisipande hewani, na mashine hufyonza mvuke kutoka karakanani. Kila fundi hunawa mikono kabla ya kula.

Iko njia nyingine ya kuchora juu ya kioo, nayo ni kwa asidi iitwayo haidrofloriki. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliichunguza mwaka 1771. Asidi hii hula kioo. Fundi hukipaka kioo nta, akachora katika nta, kisha asidi ikala mahali palipochorwa tu. Lakini ni asidi ya hatari mno. Yaweza kupenya ngozi bila ya kuuma sana mwanzoni, ikafika hata kwenye mifupa, na ikiingia katika damu huweza kusimamisha moyo. Haiwekwi katika chupa ya kioo, bali katika chombo cha plastiki maalumu. Asidi hiyo bado hutumika viwandani, hata katika kutengeneza vipande vidogo vya kompyuta na simu. Wanaoitumia ni watu waliofunzwa na waliojikinga vizuri. Mwanafunzi haruhusiwi kabisa kuigusa.

Siku zake za mwisho

Fraunhofer alipata heshima nyingi. Mwaka 1822 Chuo Kikuu cha Erlangen kilimtunuku shahada ya heshima. Mwaka 1824 mfalme alimpa cheo cha ukabaila, naye akaitwa Joseph von Fraunhofer. Mwaka huo huo darubini yake kubwa ilikamilika kwa ajili ya mji wa Dorpat, ambao leo huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia. Lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 24, na darubini yenyewe urefu wa zaidi ya mita nne. Wakati huo hapakuwa na darubini ya lenzi iliyoishinda.

Lakini mwili wake ulikuwa umedhoofika. Alishikwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao siku zile haukuwa na dawa. Miaka mingi ya kazi kando ya matanuru haikuwa imeyasaidia mapafu yake. Tarehe 7 Juni, 1826, alifariki mjini Munich. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Kazi yake haikufa pamoja naye. Mwaka 1838 mtaalamu wa nyota Friedrich Bessel alitumia chombo kilichotoka katika karakana ya Fraunhofer, akapima umbali wa nyota iliyo mbali na jua letu. Mwaka 1846 sayari ya Neptune ilionekana kwa mara ya kwanza na kutambuliwa kuwa sayari. Darubini iliyotumika, katika mji wa Berlin, ilitoka katika karakana ile ile.

Fraunhofer hakupata kujua sababu ya mistari myeusi. Sababu hiyo ilipatikana mwaka 1859, wakati Wajerumani wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, walipothibitisha kwamba kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Mstari wa manjano alioutazama Fraunhofer katika taa ni wa sodiamu, elementi iliyomo katika chumvi tunayopikia. Kwa njia hiyo binadamu aliweza kujua jua limeumbwa kwa vitu gani bila ya kufika huko. Gesi ya heliamu ilitambuliwa katika nuru ya jua mwaka 1868, kabla ya kupatikana duniani mwaka 1895.

Hadi leo, vioo na mabamba yenye mistari iliyochorwa kwa ustadi hutumika katika vyombo vya kuchunguza nyota, dawa, maji na damu. Vyombo hivyo vyatokana na kazi ya yatima yule wa Straubing, ambaye hakukubali mstari mmoja ukae mahali pasipo pake.

Jaribio

Vifaa: sahani moja ya CD iliyokwisha tumika, unyoya mwembamba wa kuku au njiwa, na mshumaa.

1. Shika CD karibu na dirisha, upande unaong'aa ukielekea kwako. Igeuze polepole. Utaona rangi za upinde wa mvua. CD ina mfuo mmoja mrefu unaozunguka mara nyingi. Umbali kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni milimita 0.0016. Mizunguko hiyo hutenganisha rangi kama mistari ya Fraunhofer.

2. Katika chumba chenye giza kidogo, mwalimu awashe mshumaa. Simama hatua sita kutoka kwenye mshumaa. Weka unyoya mbele ya jicho moja na utazame mwali kupitia unyoya huo. Eleza unachokiona.

Tahadhari: Usilitazame jua kamwe, wala kwa macho matupu, wala kupitia unyoya, wala kwa kuliakisi katika CD. Usishike kioo kilichovunjika kwa mikono mitupu. Usijaribu kuchora au kusaga kioo.

Maneno mapya

Almasi: kito kigumu kiwezacho kuchora kioo.
Karakana: mahali pa kufanyia kazi za ufundi.
Mche wa kioo: kipande cha kioo chenye pande bapa, kitenganishacho rangi za nuru.
Mfuo: mchirizi mwembamba uliochimbwa katika kitu.
Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa fundi.
Tanuru: mahali pa moto mkali pa kuyeyushia au kuchomea vitu.

Maswali

1. Fraunhofer alifiwa na wazazi wake wote wawili alipokuwa na umri gani?
2. Alizitumiaje sarafu alizopewa na mtawala?
3. Kwa nini kioo cha lenzi hupozwa polepole?
4. Fraunhofer alifanya nini ili kuhakikisha kwamba mistari myeusi haikutokana na kasoro za vyombo vyake?
5. Eleza upungufu mmoja wa mche wa kioo katika kupima nuru.
6. Kwa nini alitumia almasi kuchora mistari juu ya kioo? Kungetokea nini kama mistari isingelingana?
7. Taja hatari tatu za kazi ya kioo, na kwa kila moja ueleze njia ya kujikinga.
8. Kazi ya kufanya kwa makundi: Tembeleeni, pamoja na mwalimu, karakana iliyo karibu na shule yenu. Angalieni mafundi hujikinga vipi na vumbi, moto na mvuke. Andikeni mliyoyaona, na mseme ni jambo gani laweza kurekebishwa.